Fomu Uliyoiacha Bila Sahihi

Sindo, mwezi wa sita

Sista Wilfrida,

Leo ni Alhamisi, siku yetu. Nimefagia kile chumba cha nyuma ya zahanati, nimepanga viti viwili kama ulivyopenda, visitazamane, ili mtu aseme ya kitandani mwake akiangalia ukuta. Nimekaa tangu asubuhi. Hajaja mtu, na tangu tukuzike Muhuru Bay ni wawili tu waliowahi kuja.

Wanasema, kama yule nesi aliyajua mambo ya mume na mke hivyo, mbona ule ugonjwa wa kitandani ukamchukua? Wanasema nikisikia, kwenye foleni ya maji. Siku ya kwanza nilitaka kumrushia mama mmoja mtungi. Sikumrushia. Nilikwenda nyumbani nikalia, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimejiuliza hivyo hivyo, na sikuwahi kukuuliza ukiwa hai.

Chuo cha Nairobi kilijibu. Unakumbuka tulivyocheka tukiandika ile barua ya kuniombea nafasi ya masomo, tukitafuta neno la heshima la kazi hii? Ulisema, "Andika tu, nyathina, mtoto wangu, kwamba unataka kutibu vitanda. Wataelewa." Mwishowe tuliandika "ushauri wa unyumba". Wamesema unesi wangu unatosha, nitaanza na ushauri wa kawaida, haya mengine hawana mwalimu wake. Lakini lazima aliyenifundisha kazi atie sahihi kwamba niko tayari. Fomu ilifika ukiwa wodini Homa Bay. Nilikuja nayo kwenye kikapu, chini ya chupa ya uji. Nikaona mkono wako unavyotetemeka kwa kushika kikombe tu, nikaona haya kuitoa. Nikajiambia, wiki ijayo.

Sahihi yako naijua. Ningeweza kuiandika nimefumba macho. Lakini ngoja kwanza nikuambie habari za Mzee Obiero, yule mwenye boma juu ya barabara.

Alikuja mvua ilipokaribia. Alizungumzia ng'ombe, akazungumzia mgongo, mwisho akasema wanawe watatu wanamsubiri aanze kupanda. Nilijua maana yake. Kwao baba hapandi mbegu ya kwanza kabla ya kukutana na mkewe usiku wa kuamkia siku hiyo, na wana hawagusi jembe kabla yake. Na yeye, maskini, alikuwa hawezi tangu Krismasi. Wewe ulinifundisha, "Akishasema, nyamaza kwanza. Halafu muulize mkewe anasemaje." Mimi nilijiona mwerevu. Nilimjibu upesi upesi: Mzee, hiyo ni mila tu, waache vijana wapande.

Akanishukuru. Akachukua kofia yake akaenda.

Vijana walipanda. Mahindi yao sasa yananifika begani, na shamba la mzee katikati yao ni nyasi. Mkewe amehamia jikoni, analala na wajukuu. Na mzee alimwambia jirani kwamba hata daktari amesema yeye amekwisha. Sikusema hivyo, Sista! Lakini nimelirudia lile jibu langu mara nyingi, na kila mara nasikia alichosikia yeye. Nilikwenda kwake kuomba msamaha. Alinipa kiti, akanipa chai, akazungumza habari za ng'ombe mpaka nikaaga.

Kwa hiyo sahihi yako sitaiiga. Ungekuwa hai ungenigombeza mpaka nijute kuzaliwa, kisha ungenirudisha kwake nijaribu tena. Sasa nani wa kunigombeza? Hapa hakuna mwingine anayeijua kazi hii, na huko Nairobi hawana hata mwalimu wake. Fomu nitairudisha mstari wako ukiwa mtupu, na najua watakachojibu. Nimechoka, Sista. Nimechoka, na nina hamu nawe mno.

Basi pumzika huko Muhuru. Sina kubwa la kukuahidi. Nitafungua mlango huu kila Alhamisi mpaka waninyang'anye ufunguo, na sitamjibu mtu upesi tena. Kunyamaza nimejifunza, ungefurahi. Nanyamaza vizuri sana siku hizi, kutwa nzima, kando ya kiti kitupu.

Mwanafunzi wako,
Achieng'