Taa ya Kijani Getini

Jumatatu, 3 Machi
Nimepuliza kipima ulevi getini. Taa ya kijani, kama kila asubuhi. Nimepanda lori langu la mawe ya dhahabu, nikashuka shimoni. Jioni bia moja grosari. Ya pili nikaimalizia taratibu. Mimi si mlevi. Mlevi hapiti pale getini.

Alhamisi, 6 Machi
Moyo tena. Nimekaa tu, nafunga viatu. Unadunda, unasita, unakimbia, kama kuku ndani ya gunia. Naogopa. Mke wangu sijamwambia.

Jumapili, 9 Machi
Kanisani nimeshindwa kusimama wakati wa Injili. Mke wangu, Mama Kulwa, ameona. Kanipeleka hospitali moja kwa moja, na nguo zetu za misa.
Daktari ni binti wa juzi tu. Kanipa shikamoo, kanibandika nyaya kifuani. Mapigo hayana mpangilio. Damu inaweza kuganda moyoni, ikapanda kichwani, nikapooza. Akauliza pombe. Nikajibu kwa majivuno kwamba ni bia mbili tu jioni, napuliza getini kila siku na sijawahi kukamatwa.
"Baba, ile inapima pumzi, haipimi moyo. Presha unayo, na hizo mbili za kila jioni zinauchokoza."
Miaka yote nimeifanya ile taa daktari wangu. Mjinga mimi.

Jumanne, 11 Machi
Vidonge nameza. Bia sijagusa. Nina hasira na kila mtu. Masanja, kaka wa mke wangu, kanicheka: "Shemeji, bia moja inashusha vumbi tu!" Nilitamani kumpiga.
Nikisema kazini, lori nanyang'anywa. Nimenyamaza.

Ijumaa, 14 Machi
Napandisha mzigo kutoka shimoni, moyo ukaanza. Macho yakaingia giza. Nilipoona tena, tairi la mbele lilikuwa juu ya tuta la pembeni. Chini yangu mafundi wa pampu wanakula. Hakuna aliyeinua kichwa.
Ningewaua.
Nimemwendea msimamizi, nikamweleza yote. Nimelia mbele yake. Aibu tupu.

Jumatano, 19 Machi
Wamenihamishia stoo ya matairi. Kuna kivuli, kuna kiti. Watu wananipa pole kama mfiwa.
Mchana lori langu limepita. Anaendesha jamaa mmoja wa Ushirombo, na anakata kona vizuri. Kapiga honi, nimejifanya natafuta kitu.
Jioni Mama Kulwa kaniuliza kama wameshampata wa kuliendesha. Nimemwambia sijui.