Kitanda cha Mbao za Mtandaoni

Kaka yangu,

Hatujambo, na mpwa wako ameota meno mawili. Simu yako haipatikani, ndiyo maana naandika.

Zile mbao ngumu nilizoagiza mtandaoni zilifika, nzuri kama kwenye picha. Baba mtoto amezitumia kutengeneza kitanda cha mwanawe, kila mgeni lazima aonyeshwe. Kabla ya kulipa nilimuuliza muuzaji kama zinaliwa na mchwa. Akacheka: “Dada, hizi zimelowekwa dawa. Mchwa akionja tu, kwisha habari yake!” Nikafurahi, nikalipa.

Kaka, leo asubuhi nimemkuta mtoto amesimama kitandani, anaguguna ukingo. Pameliwa hasa. Nilimbeba mbio hadi zahanati. Daktari akauliza, “Dawa gani?” Sijui. Muuzaji hapokei simu.

Wewe ni seremala, mbao unazitambua kwa harufu. Nimekuwekea kipande humu. Kinuse, kisha umwambie dereva wa basi aliyekuletea barua hii ni dawa gani, arudi nalo jibu leo leo.

Mtoto anacheza, anacheka. Nami nacheka naye, huku namfungua mdomo kila mara kuangalia ulimi. Naamini utasema si kitu. Sema haraka, kaka.

Mdogo wako