Sukuma Msumeno, Usiuvute

Mpendwa kaka yangu Okoth,

Barua zangu mbili zimerudi kutoka Muhoroni bila kufunguliwa. Hii naiacha wazi. Nimempa Bwana Kamau wa mbao aibandike mlangoni pa karakana unakofanya kazi. Yeyote atakayeisoma kabla yako, tafadhali amwambie kaka azime mashine kwanza.

Unakumbuka Jumanne ile dukani kwa Mzee Salim? Misumeno miwili ya umeme ya kukata mbao kwa pembe ilikuwa mezani. Mmoja ulishuka na kupanda tu, mahali pamoja. Wa pili uliteleza juu ya reli, na ubao wa inchi kumi na mbili uliukata bila kuugeuza. Tulikuwa na milango ya kanisa la Nyalenda, mbao zake pana, na wewe ulikuwa umeshachagua huo wa kuteleza. Mzee Salim akakupisha ujaribu.

Mimi nilikuwa nimesoma kijitabu chote cha maelezo ya msumeno huo. Msumeno unauvuta kwako ukiwa juu, unaushusha, ndipo unausukuma mbele ukikata. Wewe uliushusha kwanza, ukauvuta. Miaka mingi ulitumia mashine ya zamani inayokata kwa kuvutwa, na mkono wako haukujua njia nyingine. Meno yakapanda juu ya ubao, msumeno ukaruka kuelekea tumboni mwako. Ukauzuia kwa nguvu za bega, ukacheka. "Hii iko na nguvu, omera, ndugu yangu!"

Nilijua umeuvuta kinyume. Ningesema hapo hapo, lakini watu walikuwa wanatazama, na wewe ndiye uliyenishikisha randa mara ya kwanza, ukanifundisha useremala. Nikasema, "Reli zitagonga ukuta. Karakana yetu ya Kaloleni ni nyembamba. Tuchukue usioteleza."

"We Fom Foo, siku hizi kitabu ndio inapima ukuta?" ulisema, ukiniita kwa kile kidato cha nne nilichomaliza.

Jioni ulipima mwenyewe. Nafasi ilitosha, ikabaki shubiri nzima. Hukupiga kelele. Uliikunja futi taratibu. "Unanidanganya mimi, ndugu yako. Basi kaa na karakana." Asubuhi sanduku lako la patasi halikuwepo.

Shajara yangu ya siku ile ina mstari mmoja: *Nimeokoa mkono wake, sijamwambia.* Nilijivunia mstari huo kwa miezi. Milango ya kanisa niliimaliza kwa msumeno usioteleza: nakata nusu ya ubao, naugeuza, nakata nusu ya pili. Kila mara mikato miwili ilipokosa kukutana, nilikusikia ukicheka.

Wiki iliyopita Bwana Kamau alileta mbao. "Kaka yako amepata ile mashine ya kuteleza," akasema. "Anaivuta kama mtu anafungua droo. Na yuko haraka huyo!"

Tangu hapo, mtu akiniita mlangoni nasita kuitika, nikihofia ameleta habari za mkono wako.

Ulikuwa sahihi, ukuta ulitosha. Niliona aibu kukufundisha mbele ya watu, nikakuacha uondoke na kosa lile lile mkononi. Uvute ukiwa juu, hewani. Ushushe. Sukuma. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie ukiwa na vidole kumi.

Ile nafasi ya reli nyuma ya meza bado ipo. Sijaweka kitu pale.

Mdogo wako,
uliyemshikisha randa