Uongo wa Ijumaa

Kwa mjukuu wangu wa kike, mkaidi kuliko marehemu baba yake,

Miaka minne! Miguu yako ina nini? Unanitumia sukari kwa basi, unanitumia sabuni kwa basi, unanitumia salamu kwa watu nisiowajua, wewe mwenyewe huonekani. Sasa hiyo sukari ndiyo niiulize hali? Haya, salamu nakupa hata kama huzistahili. Mimi mzima, goti la kushoto tu linanisumbua, na meno ni yaleyale mawili uliyoyaacha. Wewe je? Kile kifua kimepona na vumbi la unga? Huko kwenye mikate wanakupa siku ya kupumzika, au wanakukanda wewe pamoja na unga wao? Anayeandika haya ni mama wa duka la jirani. Nimemwambia aandike ninavyosema, asininyooshee maneno.

Nakuandikia kwa sababu ya kaka yako. Mume wangu huyo, Mheshimiwa, alikuja wiki iliyopita kulizunguka jimbo lake, Jumatatu hadi Ijumaa. Safari hii alinipitia nyumbani, akanikalisha kiti cha mbele cha gari, akasema wananchi wanataka kumwona bibi aliyemlea. Nilifurahi, sikufichi. Mtu aliyefua mashuka ya hospitali miaka ishirini na miwili, nani aliwahi kumpigia makofi? Nikavaa gauni walilonishonea, lina sura yake kifuani na nyingine mgongoni, nikapanda.

Jumatatu tukaenda sokoni. Akashika kipaza sauti, akawaambia wauza nyanya kwamba bibi yake huyu alimsomesha kwa kuuza nyanya. Nikadhani amechanganya mambo. Katibu wake, mwanamke mwembamba mwenye simu mbili, akakohoa. Ndivyo tulivyopatana: akikohoa, nisimame nipunge mkono. Nikasimama. Nikapunga. Jumanne tukaenda machimboni, huko nikawa nimemsomesha kwa kupasua kokoto. Jumatano kwenye zahanati nikawa mkunga. Mimi, ninayekimbia kuku akichinjwa! Alhamisi kwa maseremala sikusikiliza hata. Nadhani nilichonga vitanda.

Watu si wajinga, mama. Kule machimboni mpasua kokoto mmoja, mwanamke wa makamo, alinipa mkono, kisha akaugeuza wangu kiganja juu, akautazama kama anayechagua samaki. Akasema mkono huu umezeekea kwenye sabuni, si kwenye nyundo. Akaniuliza kama ni kweli jana yake nilikuwa muuza nyanya, maana shemeji yake alikuwako sokoni, na kama kesho ni zamu yangu ya kuwa bibi harusi, nimwambie mapema atafute zawadi. Wenzake walicheka mpaka wakaketi chini. Nami nikacheka nao, kisha nikapanda gari la huyo mwongo, nikafunga mlango.

Garini nilimwambia, wewe mtoto, kila siku unanivua ngozi unanivisha nyingine. Akanijibu kwamba siasa ndivyo zilivyo, kila mtu anataka kujiona mwenyewe jukwaani. Nikaegemea. Kiti kilikuwa laini.

Ijumaa ilikuwa zamu ya shule ya wasichana. Wamepangwa juani mistari kwa mistari, sare zimepigwa pasi, na ukuta uliopakwa rangi ni mmoja tu, ule wa upande wa kamera. Kaka yako akawaambia wasome. Akasema kwao mtoto wa kike na wa kiume walikula sahani moja na kununuliwa madaftari sawa. Halafu akakutaja. Akasema wasije wakawa kama dada yake, kwamba mlifanya mtihani mwaka mmoja, wewe ukacheza ukafeli, na leo unakanda mikate ya watu. Akasema wala si kosa la bibi, bibi alikupa kila kitu. Wale watoto wakaguna kwa kukusikitikia. Katibu akakohoa.

Nikasimama, mama yangu. Mwalimu mkuu akanipa kipaza sauti niseme neno. Nikasema, someni. Nikakaa. Makofi! Na jana redio imerudia hotuba nzima. Kama umeisikia huko kazini mbele ya wenzako, sijui niuweke wapi uso wangu.

Uongo wa siku nne ulikuwa wake. Wa Ijumaa hakuutunga yeye, yeye anauamini. Niliutunga mimi.

Mama wa duka ameweka kalamu chini ananitazama. Nimemwambia, andika.

Hukufeli. Mwalimu wenu alinifuata kazini, kwenye mashuka, na barua mbili, akanisomea zote, maana herufi kwangu mimi ni nyayo za kuku. Wewe uliyechelewa kuanza shule kwa kumwuguza mama yenu, barua yako ilikuwa ya shule nzuri kuliko ya kaka yako. Mwalimu alifurahi akanishika mkono na mapovu yake. Mshahara wangu ulikuwa wa mtoto mmoja. Nikasema moyoni, wa kike ataolewa, wa kiume ndiye atakayenizika. Mwalimu nikamwambia nitakupa habari mwenyewe. Alipotoa mguu, yako nikaitia motoni, chini ya pipa la kuchemshia. Nyumbani nikakwambia jina lako halikutoka. Ukapiga magoti. Ukasema, nisamehe bibi, nimekuangusha. Nami nikakusamehe. Mimi, nikakusamehe wewe! Nikakupapasa kichwa na nikakuambia usilie.

Tulipokuwa tunarudi Ijumaa nilimweleza kaka yako yote haya. Aligeuzia uso dirishani. Nikadhani analia. Alipogeuka akaniomba ninyamaze mpaka uchaguzi upite, halafu tutakaa kama familia. Nina umri gani mimi wa kungoja uchaguzi? Nikamwambia asimamishe gari. Nimetembea toka darajani hadi nyumbani na goti langu hili, watu wananisalimia kwa gauni lile lenye sura zake, nami naitikia.

Sikuandikii ili unisamehe. Usije ukanitumia neno hilo kwa basi. Nakuandikia ili mtu akikwambia ulifeli, hata awe kaka yako, umwambie akamwulize bibi.

Mama wa duka anakusalimu, ingawa anafuta macho na leo hanipendi sana. Wasalimie wenzako wa kwenye mikate. Asubuhi funika kifua.

Na siku utakayokuja, kama utakuja, usiniamkie. Pita moja kwa moja, kaa kwenye kiti, mimi nitakaa chini. Sema yote uliyo nayo, hata yale ambayo mtu mzima haambiwi, sitakukatiza. Ukimaliza, hapo ndipo uamue: shikamoo yako unanipa, au unaondoka nayo.

Ni mimi bibi yako,
nimeweka dole gumba hapa chini.