Namba Kumi na Saba

Lemvig, Denmark
17 Juni 1993

Kwa Baba yangu mpendwa,

Naomba baraka yako, Baba, kabla ya neno jingine lolote. Ni matumaini yangu barua hii itakukuta mzima wa afya, mgongo umetulia, na lile basi lako halijakufanyia tena vituko vya breki kwenye mteremko wa Cajas. Mama vipi na presha yake? Mwambie nakula, tena sana, asianze kuniota nimekonda. Mdogo wangu Lorena mwambie stempu zake nimezipata. Mimi mwili wangu ni mzima. Roho ndiyo haipo sawa, na ndiyo maana nimekaa asubuhi hii kukuandikia wewe peke yako. Kile kitu kigumu unachokigusa ndani ya bahasha kiache humo humo mpaka ufike mwisho.

Ile kadi niliyokutumia kutoka Munich ilisema nafurahia safari, na siku ile ilikuwa kweli. Tulikuwa wanafunzi arobaini na mmoja ndani ya basi jeupe, kila mmoja ametoka kwao kuja kuishi Denmark mwaka mmoja kwenye nyumba za watu, na chama kilichotuleta kikatukusanya mwezi wa tano tuizunguke Ulaya siku kumi na sita. Chakula kilikuwa mkate na jibini asubuhi, mchana na jioni. Mmoja akianza kuimba, basi zima linaimba. Wagner, Mbrazili wa kiti cha nyuma yangu, kila tulipopita kanisa alipiga kelele, "Jamani, jingine hilo! Vueni kofia!" mpaka dereva akamwambia akirudia atamshusha akasali humo.

Koti langu la bluu uliliona siku naondoka. Halikuwa na kitu ila beji moja, ile yako ya chama cha madereva uliyonibandika kwa mkono wako pale uwanja wa ndege. Sasa lina beji mia mbili na kitu, na uzito wa kuku wawili. Ndivyo tulivyo sisi wanafunzi wa chama hiki: ukikutana na mwenzako, hata jina lake hujui, mnabadilishana beji kwanza. Tunao pia mchezo wa kumvizia mtu amelala, unachomoa beji moja kwenye koti lake na kumwekea ya kwako, naye akiamka atafute mwenyewe kilichoondoka. Kwa kawaida hakuna anayekasirika.

Mkuu wa safari alikuwa Babu Verner. Ni yule yule niliyekuandikia habari zake, maana tangu mwezi wa pili nakaa kwake, yeye na mkewe Bibi Inger. Ana miaka sitini na minane, alikuwa mwalimu wa muziki, na safari hizi ameziongoza miaka kumi na minne. Kila mwanafunzi ana namba. Kabla basi halijaondoka, Babu hushika kipaza sauti, hufumba macho, husema, "Haya, wanangu," nasi tunataja namba zetu kwa Kidenmaki tangu moja mpaka arobaini na moja. Hatazami, anasikiliza tu. Alikuwa akijisifu kwamba sauti zote anazijua, hata akiamshwa usingizini atasema ipi ni ya nani. Mimi ni kumi na nane. Kumi na saba alikuwa Chizuru, msichana wa Kijapani niliyekaa naye kiti kimoja, ambaye aliitaja namba yake kwa sauti nyembamba inayopanda mwishoni, kama mtu anayebisha hodi kwa wakwe. Nikimtazama Babu amefumba macho nilikuwa nawaza kwamba wewe usingeridhika. Wewe unapita kati ya viti ukigusa bega la kila abiria, tangu yule mama uliyemwacha Cajas na gunia lake la viazi, ukarudi kumfuata na basi tupu.

Siku ya tisa tulivuka milima kuingia Italia, tukasimama dakika ishirini kwenye kituo kikubwa cha mafuta. Mvua ilikuwa inanyesha na mabasi yalikuwa mengi. Tuliporudi Babu alihesabu, moja mpaka arobaini na moja, haikukosekana hata moja, tukaondoka. Saa mbili baadaye, hosteli ya Verona, funguo za vyumba zikagawiwa na ufunguo wa Chizuru ukabaki mezani. Babu alisema haiwezekani, amemsikia. Alirudi basini akamtafuta hadi chini ya viti, mtu mzima amepiga magoti. Pasi zetu zote za kusafiria zilikuwa kwenye mkoba wake, akaitoa ya Chizuru na kuishika mkononi, hajui ampe nani.

Kumbe Chizuru alikuwa amebaki kule kituoni. Alisimama pale pale kama tulivyofundishwa, saa nzima, mpaka alipoona basi jeupe limesimama mbele, kando ya barabara kuu. Akadhani tumemrudia. Akalikimbilia kwenye mvua, na lori dogo likampiga kwa kioo chake cha pembeni. Alivunjika mtulinga na mkono wa kushoto. Daktari alisema lori lingemkaribia kiganja kimoja tu zaidi, tungekuwa tunazungumza mengine. Wazazi wake walikuja kumchukua, na mwaka wake ukaishia hapo.

Chamani walisema ni uzee, masikio yamechoka. Babu akaenda kwa daktari wa masikio, naye akamwambia masikio yake ni mazima kabisa kwa umri wake. Hapo ndipo mambo yalipoharibika zaidi, Baba. Maana kama masikio ni mazima na alimsikia mtoto ambaye hakuwepo, basi kilichoharibika ni kichwa. Baba yake mzazi alimaliza maisha akizungumza na watu wasioonekana, na Babu anaamini sasa ni zamu yake. Ameacha kuimba kanisani. Ameacha kuendesha gari. Jumanne tulikuwa tunamenya viazi, akaniuliza polepole, Bibi Inger asimsikie, "Nube, hiyo simu inalia kweli, au ni mimi?" Ilikuwa inalia kweli.

Keshokutwa, Jumamosi, kamati inakaa. Karatasi ya kujiuzulu ameshaiandika na iko mezani sebuleni. Nimeisoma. Sababu aliyoiweka ni kwamba akili yake haiaminiki tena.

Baba, akili yake ni nzima. Sauti aliyoisikia ilikuwepo. Ilikuwa yangu.

Unajua tangu utoto wangu naigiza watu, na ulinichapa kwa kumwigiza padri. Basini niliwaigiza wote, na Chizuru ndiye aliyekuwa akicheka zaidi nikimwigiza. Asubuhi ile niliamka nikakuta beji yako haipo kwenye koti langu, mahali pake pana beji ya bati yenye umbo la upepeo wa Kijapani. Nikamuuliza Chizuru. Alifunika mdomo akacheka, akasema aliichukua kwa mchezo wetu jana yake nimelala basini, na jioni hiyo hiyo amekwisha ibadilisha na mvulana wa Australia, mwanafunzi wa basi lingine lililolala hosteli moja nasi. Nikamwambia ile ilikuwa ya baba yangu. Akaacha kucheka, lakini mimi nilikuwa nimeshajaa, simsikii tena. Sikumsemesha mpaka kituoni. Tulipohesabiwa kiti chake kilikuwa kitupu, koti lake limelala juu yake. Zikaja kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita, kisha kimya kidogo. Nikataja kumi na saba kwa sauti yake, halafu nikataja ya kwangu.

Nilitaka aachwe nusu saa, aonje. Nilijiambia nitasema tukifika mbele kidogo. Tulipofika mbele kidogo nikaogopa, na kila tulivyozidi kwenda ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kufungua mdomo. Wagner peke yake alijua. Alicheka nyuma yangu akidhani ni mzaha tu na Chizuru mwenyewe yumo basini. Pale Verona alinivuta pembeni akaniambia, "We Nube, fumba hilo domo lako. Watakupandisha ndege kesho. Mzee keshakula chumvi nyingi, atapoteza nini?" Nikamsikiliza, kwa sababu ndicho nilichotaka kusikia.

Bado hujasikia baya zaidi. Tulipoenda hospitali kumwona, Chizuru alinyoosha mkono wake mzima na kunipa beji yako. Pale kituoni aliona mabasi mengine ya wanafunzi, akashuka kwenye mvua kumtafuta yule Mwaustralia, basi baada ya basi, mpaka akampata. Ndicho kilichomchelewesha. Akaniomba msamaha kwa kuchelewa, tena aliinamisha kichwa na maumivu yale. Nami nikamjibu kwamba hakuna neno, nimemsamehe. Nilimwambia hivyo, Baba, na wala sauti yangu haikutetemeka.

Nakuandikia wewe kwanza kwa sababu nataka uyasikie kwangu, si kwa barua ya chama. Sasa naweka kalamu chini. Babu yuko bustanini anapalilia. Nikikaa hapa dakika tano zaidi nitapata sababu ya kungoja kesho.

Nimerudi. Sasa ni saa kumi jioni.

Nilimwambia nikiwa nimesimama kwenye tuta lake la vitunguu, nimemkanyagia viwili bila kujua. Alifuta mikono kwenye suruali, akafumba macho, akaniambia, "Taja." Nikamwambia siwezi. Akasema, "Itaje namba, Nube." Nikaitaja kumi na saba kama nilivyoitaja siku ile. Akainamisha kichwa upande mmoja. "Ndiyo hiyo," akasema. "Ndiyo hiyo hasa!" Uso ukamfunguka, akamwita mkewe kwa sauti iliyosikika mpaka kwa jirani, "Inger! Ilikuwepo! Nilisikia kweli!" Bibi Inger akatoka mbio na taulo la vyombo, na Babu akamshika mikono huku analia na kucheka.

Kisha akanigeukia, na furaha yote ikamtoka. Aliniuliza kama najua ni asubuhi ngapi ameamka akijiogopa mwenyewe, na mimi nipo mezani kwake nakula mkate wake. Aliingia ndani kupiga simu chamani na hakufunga mlango, nikasikia yote. Ile karatasi ameichana. Bibi Inger ameniwekea sahani yangu kama kila siku, ila hajanitazama.

Chamani wamekwisha amua, kwa simu hiyo hiyo. Narudishwa tarehe ishirini na tisa, nitafika Guayaquil Jumanne hiyo jioni. Barua huchukua siku nane, kwa hiyo utakuwa na muda wa kukasirika kabla sijafika, na una haki. Chizuru nimemwandikia pia, na barua yake inaenda na posta hii hii. Sijamwomba anijibu.

Mama msomee wewe, taratibu, akiwa amekaa. Lorena mwambie tu kwamba narudi mapema. Wasalimie na madereva wenzako wote wa stendi. Beji unaweza kuitoa sasa. Ni yako, sikustahili kurudi nayo kifuani.

Ukija uwanjani kunipokea, usinikumbatie kama moyo wako bado hautaki. Niguse bega tu, Baba, kama unavyowagusa abiria wako, nijue kwamba nimo.

Mimi binti yako,
Nube