Mpangaji Kapanda Miarobaini Kiwanjani Kwangu

Mpendwa mshauri,

Wewe hujui kitu. Wiki iliyopita ulimwambia mwenye nyumba mmoja kwamba mpangaji anayependezesha uwanja ni wa kushukuriwa. Hayo ni maneno ya mtu asiye na kiwanja. Hata hivyo naomba msaada wako, sina mwingine wa kumwuliza, na barua hii naiandika kwa mkono wangu, kisomo cha ngumbaru nilimaliza.

Nina nyumba Chang'ombe, niliijenga baada ya kuuza ng'ombe wangu wa kijijini Haneti, nikakataa tembe la paa la udongo nikaezeka bati kama watu wa mjini, na chumba cha magharibi nimempangisha kijana wa Kondoa, Swalihu, anauza mitumba tangu ruksa ya biashara ilipotoka, ugomvi hatuna, shikamoo hakosi, na hiyo shikamoo yake ndiyo inayonitia wasiwasi, maana tangu mkewe Salha ajifungue, kijana huyu kachimba mashimo matatu nje ya dirisha lake, kapanda miarobaini, hakuniuliza, kaizungushia miiba mbuzi wasile, na kila jioni Salha anaimwagia maji aliyofulia nepi. Nikamwuliza, "Wewe, nini hii?" Akacheka. "Bibi, kivuli cha mtoto. Chumba kinaunguza." Kivuli! Mti unaonifika gotini una kivuli gani?

Kwetu mtu hapandi mti mahali pasipo pake. Shamba la baba yangu lililiwa hivihivi, mgeni alipewa pa kulima msimu mmoja, akapanda mizabibu, ilipozaa akasimama mbele ya baraza la wazee akauliza, "Kapanda nani?" shamba likawa lake. Na sasa wapima viwanja wanapita, wakiuliza mwenye mahali ni nani. Joto nalijua, saa nane ndani kwangu hapakaliki, nachukua kigoda naenda kwa jirani yangu Mama Anitha chini ya mwarobaini wake, ule aliopanda mwalimu aliyekuwa mpangaji wake kabla ya kuhamishiwa Mpwapwa, na hapohapo ndipo tuliposhauriana kwamba Jumamosi niing'oe yote mitatu. Niambie: ning'oe kwanza, au nimfukuze kwanza?

Bibi Mwenye Nyumba, Chang'ombe

*

Shikamoo bibi. Umenisema, nimesikia. Sasa vumilia, ni zamu yangu.

Wasiwasi wako si wa kijinga. Aliyenyang'anywa shamba kwa mizabibu ana haki ya kuutazama mche kama anavyomtazama nyoka. Lakini bibi yangu, umekaa chini ya mwarobaini wa mpangaji ukapanga kung'oa miarobaini ya mpangaji! Yule mwalimu alipohama, aliibeba nyumba ya Mama Anitha? Hata mti hakuubeba. Alikuachia wewe pa kuweka kigoda.

Bati lako linapigwa jua kutwa, na ukuta ule wa magharibi unashiba moto mpaka jua lizame, kisha usiku unautoa ndani polepole. Wewe una miguu, unahama. Kichanga cha Salha kihamie wapi? Mti hulizuia jua lisiufikie ukuta, na majani yake hutoa unyevu unaoipoza hewa inayopita. Ndiyo maana kwa Mama Anitha hupati kivuli tu, unapata na upepo wa kupumua. Leo mche unakufika gotini, lakini mwarobaini hauna uvivu. Na mji huu unaojaa mabati, tukiendelea kung'oa, utatuoka sote.

Swalihu kakosa kwa kutokuuliza. Hilo mseme, tena usimwonee haya. Mwite mbele ya balozi wa nyumba kumi, atamke kwa kinywa chake kwamba miti ni ya mwenye kiwanja, yeye kaomba kivuli tu. Akisitasita, basi mimi ndiye sijui kitu, na mlango mwonyeshe. Akitamka, usimguse yeye wala miche yake.

Na kama kwenu apandaye ndiye mwenye mahali, unangoja nini? Jumamosi hiyohiyo toka na jembe lako, balozi akiwa bado amesimama uani: chimba shimo la nne mbele ya dirisha lako, panda, kisha mwambie Salha akugawie maji ya nepi.