Kadi ya Wawili

Jumapili, 13 Julai 2025
Mnada baada ya ibada leo! Ndizi, kuku, parachichi, kama kawaida. Kisha Godbless wa kwaya ya vijana, yule anayefanya kazi Sinema Pambazuko mjini Arusha, akatoa sadaka ya ajabu: kadi ya uanachama. Mwaka mzima, watu wawili, filamu yoyote, tawi lolote. Watu wakacheka. Nani atoke Kikatiti akakae gizani mjini?

Bariki akainunua. Bariki wa sauti ya besi, aliyefiwa na mkewe mwaka juzi. Halafu mbele ya usharika wote: namzawadia Mama Eunike. Mimi! Vigelegele. Nikapokea kwa mikono miwili — ningefanyaje? Watu humnunulia mchungaji, au bibi mgonjwa. Mimi si mchungaji, wala siumwi. Anatafuta nini huyu?

Jumatatu, 14 Julai
Nimempigia Eunike. Binti yangu kakaa mjini, anajua mambo haya. Anasema ukienda mara mbili kwa mwezi kadi imejilipa. Sawa, lakini nauli je? Na bisi zao ghali! Mwaka ukiisha wanaendelea kukukata hela kwenye simu mpaka ukatae mwenyewe. Namba yangu siwapi ng'o.

Alhamisi, 17 Julai
Nimemkamata Godbless baada ya mazoezi ya kwaya. Kumbe! Mara ya kwanza mkiingia mnapigwa picha wote wawili, na sura hizo ndizo za mwaka mzima. Hakuna kubadilisha. Mmoja asipokuja, mwingine haingii.

Nikamuuliza, Mzee Bariki analijua hilo? Kijana akajibu bila hata kufikiri: "Ndiyo swali lake la kwanza, mama, kabla ya mnada."

Alijua!

Jumamosi, 19 Julai
Bariki kapita hapa. Viatu vimeng'arishwa, Jumamosi! Kaongelea kahawa, mvua, paa la kanisa. Sinema hakuitaja hata kidogo. Hilo ndilo linanitia wasiwasi zaidi. Kanywa chai vikombe viwili. Wakati wa kuaga kasema nyumbani kwake siku hizi anasikia saa ya ukutani tu.

Kwangu hata saa haipo. Tangu Baba Eunike afariki nakula nimesimama jikoni. Nina upweke. Haya, nimeandika.

Lakini mwaka mzima sura yangu pembeni ya sura yake, kwenye kompyuta ya watu? Kikatiti nzima itajua kabla sijafika stendi. Hapana. Kesho narudisha.

Jumapili, 20 Julai
Nimeirudisha mnadani. Inaruhusiwa: sadaka inanadiwa tena, hakuna anayenuna. Bariki akainama tu, anaangalia viatu vyake. Hakunyoosha mkono.

Aliyenyoosha ni Theresia. Mjane mwenzangu, huyo! Anapandisha dau huku akimtazama Bariki, anatabasamu na jino la dhahabu. Theresia na filamu wapi na wapi? Hata ibadani husinzia.

Mara nikasikia mtu anasema: "Naongeza!" Sauti yangu. Usharika mzima ukageuka. Nimenunua kadi yangu mwenyewe, kwa hela ya mbolea! Mnadishaji akauliza, unamzawadia nani, Mama Eunike? Nikasema nitaona. Wakacheka mpaka mchungaji.

Bariki hakucheka. Aliinua kichwa.

Jumanne, 22 Julai
Nimepata jibu. Naenda na Eunike. Sura ya binti yangu haina maneno. Kesho saa nane mchana. Sijamwambia mtu mwingine.

Jumatano, 23 Julai
Naandika kwenye benchi, hapa hapa sinema. Zulia jekundu, baridi ya mashine. Dada wa mapokezi ana kamera ndogo mezani. Mara ngapi kwa mwezi nitakuja huku? Sioni faida. Kweli sioni.

Saa nane imepita. Eunike hapokei simu. Sasa hivi ujumbe: mama, siji, na tafadhali usimkunjie mtu uso.

Mtu gani?

Wamenipanga! Eunike, Godbless, wote! Bariki yuko mlangoni, viatu vinang'aa, pakiti mbili za bisi mikononi. Hajaniona. Mlango wa nyuma upo, nimeuona nilipoingia.

Dada anauliza mara ya pili kama mwenzangu ameshafika. Nimevua miwani, nimefunga kilemba upya. Picha isije ikatoka vibaya.